Chaki Nyuma ya Dashibodi

Jumapili ile mshale wa spidomita ulikataa kuamka. Tulikuwa tukishuka kwenda kanisani, mimi kwenye usukani, baba pembeni yangu na Biblia magotini. Pikapu ilikuwa ikikimbia vizuri kabisa juu ya barabara yetu ya udongo mwekundu, lakini ukiiuliza dashibodi ingekuambia tumesimama. Niligonga kioo kwa kidole. Mshale ukabaki umelala kwenye sifuri. Baba alikuwa ameelekeza uso dirishani, anaangalia chai ya jirani kana kwamba ameambiwa ahesabu mistari yake.

"Ni uzee," alisema. "Gari ikizeeka inaanza kusahau."

Mimi ni mwalimu wa hisabati na ni mtu wa kushuku, na mambo hayo mawili hukaa vizuri katika kichwa kimoja. Jicho langu lilikuwa limeshashuka chini ya mshale, kwenye kidirisha cha namba za kilomita. Ijumaa jioni nilikuwa nimezisoma, kwa sababu huzisoma kila Ijumaa, haja iwepo au isiwepo. Jumamosi mchumba wangu alichukua pikapu hiyo kupeleka mbao Ndanai, ambako alikuwa akijenga nyumba kwenye shamba la wazazi wake, akairudisha jioni. Kutoka kwetu, nyuma ya soko la Merigi, mpaka Ndanai na kurudi ni zaidi ya kilomita mia moja. Namba zilikuwa zimeongezeka kumi na moja.

Mahubiri ya siku hiyo siyakumbuki.

Huku kwetu hakuna aliyewahi kuazima watu gari asiyeujua ujanja huo. Nyuma ya dashibodi ya gari la zamani kuna waya mnene unaotoka kwenye giaboksi. Gurudumu likizunguka, waya nao unazunguka ndani ya ala yake, na huo ndio unaoinua mshale na kuhesabu kilomita. Legeza nati moja tu, gari linakuwa bubu. Mtu anaweza kwenda harusini kaunti ya tatu, akala, akacheza, akarudi, akakaza nati yake, na mwenye gari akaapa kwamba lilishinda uani.

Na si hilo tu. Kwa mwezi mzima mafuta yalikuwa yakishuka zaidi kuliko kilomita zilivyokuwa zikipanda. Sikuwa nimelisema. Nilikuwa nimeliweka kichwani, kama ninavyoweka majina ya wanafunzi wanaonakiliana kabla sijawaita mbele. Mchumba wangu kila akirudisha gari aliongeza mafuta bila kuambiwa, na watu walimsifu kwa hilo. Jumapili ile nikiwa kwenye benchi la kanisa niliona kwamba hata kule kuongeza mafuta kunaweza kuwa njia ya kufunika nyayo.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na sita. Mama alikuwa ameshafariki, ndugu zangu wamejenga mbali, na nyumbani tulibaki mimi na baba, ng'ombe wanne na vishina vyetu vya chai. Watu walikuwa wameacha kuniuliza nitaolewa lini, na hilo ni baya kuliko kuulizwa. Halafu akatokea huyu fundi wa umeme kutoka shamba moja kubwa la chai upande wa Kericho, mpole, asiyeweza kupita waya unaoning'inia bila kuufunga. Alikuwa Mkisii, sisi ni Wakipsigis. Wazazi wake walihamia karibu na Ndanai kabla hajazaliwa, na mimi na yeye tuliongea Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho pamoja. Baada ya wiki tatu watu wake walikuwa waje kwetu kwa koito, siku ambayo familia mbili huketi, wazee wakaulizana habari za koo na watu wao, maziwa ya mursik yakanywewa, na neno likafungwa. Kitambaa cha nguo nilikuwa nimeshanunua.

Baba alizungumza juu ya jambo hilo mara moja tu. Alisema, "Mimi sina neno." Mzee wa umri wake akisema hana neno, ujue anayo mengi.

Mchana huo wa Jumapili nilitoka na simu mpaka mwisho wa shamba letu, mahali ambapo baba hawezi kunisikia, nikampigia mchumba wangu.

"Jana ulifika Ndanai?"

"Si nilikuambia. Nilishusha mbao, nikasalimia mathe, nikarudi."

"Mileji inasema hata Bomet mjini hukufika."

"Iliacha kusoma njiani," alisema. "Ni waya imelegea huko nyuma ya dashi. Ikikazwa itasoma tu."

"Umejuaje imelegea?"

Nilisikia nyundo ya mtu ikigonga huko alikokuwa.

"Nimekisia."

"Umekisia. Wewe fundi wa umeme uone waya umelegea uache hivyo hivyo?"

"Mwalimu," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "tuachane na hiyo maneno. Ni kitu ndogo."

Hapo ndipo nilipokasirika kabisa. Mtu akikuambia jambo ni dogo kabla hujasema ni kubwa, ana sababu. Niliona mke mwingine. Niliona watoto wawili wenye masikio yake, nyumba nyingine ikipigwa mabati mahali nisipopajua, na mbao zangu za Ndanai zikiwa hadithi. Yote hayo niliyaona kwa dakika moja, nikiwa nimesimama katikati ya chai na viatu vya kanisani. Nikamwambia watu wake wasije koito mpaka nijue gari langu huenda wapi.

Nilitegemea abishe. Nilitaka abishe, nimshinde kwa hesabu. Alisema, "Sawa," akakata simu.

Ile "sawa" nilitembea nayo wiki nzima. Mtu asiye na hatia hupiga kelele, ndivyo nilivyojiambia. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisomea methali hiyo nikisahihisha mitihani, nikiosha vyombo, nikikamua. Sikumwambia baba kwamba nimefunga mlango. Nilingoja niwe na ushahidi mkononi kwanza, maana mwalimu hamfukuzi mtoto kwa fununu. Lakini baba naye wiki hiyo alikuwa na mambo yake. Aliuliza mara mbili kama kijana amepiga simu. Ugali aliuacha sahanini. Jumatano alijitolea, bila kuombwa, kupeleka pikapu kwa fundi mjini.

"Nitaifungua mwenyewe Jumamosi," nilimwambia.

"Ya nini kujichafua?"

"Wewe si ndiye ulinifundisha?"

Alitazama chini. Ilikuwa kweli. Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa kuwa kaka zangu walipenda mpira kuliko spana, mimi ndiye niliyeshika tochi. Najua kufungua kabureta tangu nikiwa darasa la sita.

Jumamosi ilikucha bila mvua. Niliisogeza pikapu mahali uwanja umelala sawa, nikazuia magurudumu ya mbele kwa mawe mbele na nyuma, nikaachia handibreki, gia nikaiacha huru, nikapiga jeki nyuma mpaka gurudumu moja likaning'inia. Ukifanya hivyo unaweza kulizungusha kwa mkono, na giaboksi itadhani gari linatembea. Baba alileta kreti ya soda akaikalia, kofia kichwani, mikono kwenye fimbo. Nyumbani tunaongea Kikipsigis, lakini habari ya mashine ikiingia baba hugeuka akasema Kiswahili, kwa sababu kiwandani ndicho kilichotumika na vyombo vyote vya mashine alivijulia katika lugha hiyo.

"Hiyo ni gia ya ndani," alisema kabla sijashika chochote. "Ile ndogo ya plastiki. Imeisha meno. Hiyo mpaka uagize Nairobi."

"Tutaona."

"Ama panya. Panya inapenda waya sana."

Nililala chali juu ya gunia nikaingia chini. Mwisho wa waya ulioingia kwenye giaboksi ulikuwa umefungwa kisawasawa, na juu ya nati yake palikuwa na tope kavu la miezi, halijaguswa na mtu. Nikajua aliyefanya kazi hii hakulala chini kama mimi. Alikaa juu, kwenye kiti.

Nilitoka, nikajipangusa, nikaingia ndani ya kibini na bisibisi. Nilifungua skrubu nne za dashibodi, nikaivuta kuelekea kwangu kiasi cha upana wa kiganja, nikamulika kwa simu. Waya ulikuwa umeanguka nyuma, unaning'inia, nati yake ikicheza kwenye shingo. Nilifurahi. Ni aibu kusema, lakini nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimemdhania mtu mabaya na ukweli ulikuwa unaelekea kunipa haki.

Hata hivyo sikutaka kuruka hatua. Labda waya wenyewe ulikuwa umekatika ndani. Nilishika ncha yake kati ya vidole viwili.

"Baba, nizungushie hilo gurudumu."

Hakuinuka mara moja. Kisha nikasikia kreti ikilia, na hatua zake, na gurudumu likaanza kuzunguka polepole. Ncha ya waya ikazunguka katikati ya vidole vyangu, laini, bila kukwama. Niliiingiza kwenye tundu lake nyuma ya spidomita, nikaishikilia hapo.

"Tena, kwa nguvu."

Akazungusha. Mshale haukuinuka, mwendo wa mkono ni mdogo mno kwake, lakini ile namba ya mwisho kwenye kidirisha ilianza kutambaa. Giaboksi ilikuwa nzima. Waya ulikuwa mzima. Spidomita ilikuwa nzima. Gari halikuwa na ugonjwa wowote. Lilikuwa na mtu.

Basi nikavuta ile nati karibu na mwanga ili nione kama ina alama za koleo, maana mchumba wangu hutembea na koleo mfukoni hata akienda kanisani. Alama za koleo hazikuwepo. Kulikuwa na chaki.

Mistari mitatu myeupe, myembamba, imekatiza kwenye nati. Nilichukua kioo cha baba cha kunyolea nikakiingiza nyuma ya spidomita, na kwenye shingo ambapo nati hufungiwa kulikuwa na mingine mitatu, imeachana kidogo.

Sharti nieleze chaki hiyo. Kiwandani baba alifundishwa, na yeye akanifundisha, kwamba ukimaliza kukaza nati unapiga mstari mmoja unaopita juu ya nati na juu ya chuma kilichofungiwa. Mtu wa zamu inayofuata akija, anaangalia tu. Mistari ikiwa imenyooka, nati imelala. Ikiwa imeachana, nati imetembea. Baba hawezi kukaza kitu bila kupiga mstari. Amepiga kwenye bawaba za mlango, kwenye kiti cha mama, kwenye bomba la maji ya ng'ombe. Na chaki ni mimi ninayemletea, vipande vinavyobaki ubaoni, na huvitia katika mfuko wa shati upande wa kushoto.

Nilikaa pale na kioo mkononi. Nikakumbuka ile Ijumaa kabla ya spidomita kufa. Shule ilikuwa imefungwa mapema kwa sababu ya michezo, nikafika nyumbani saa nane badala ya saa kumi na moja, nikamkuta baba kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mikono yake miwili chini ya usukani. Alishtuka. Alisema anapumzisha mgongo. Niliweka vitabu juu ya boneti nikahisi joto, nikadhani ni jua. Mimi ninayeshuku hata mvua, sikushuku.

"Baba," nilisema. "Njoo uone."

Alikuja akainamisha kichwa mlangoni. Nilimwonyesha nati.

"Hii ni nini?"

"Hiyo ni chaki," alisema kwa Kiswahili.

"Naona ni chaki. Ni ya nani?"

Mkono wake ulipanda wenyewe mpaka mfuko wa shati, ukafunga kifungo.

Kisha akarudi kwenye kreti, akaketi, na alipoongea tena aliongea Kikipsigis, kwa hiyo nikajua tumeacha habari ya mashine.

Alikuwa ameenda Ndanai mara nne, siku za wiki, mimi nikiwa darasani. Alisema zamani binti akiposwa, wazee hutumwa kimyakimya kwa upande wa pili, wakaulize. Kuna wezi katika nyumba hiyo? Kuna wanaopiga wake zao? Kuna ugonjwa unaofichwa? Lakini kwa Wakisii angemtuma nani? Wazee wenzake wana kumbukumbu za ugomvi wa mpakani, wangekwenda na jibu lao mfukoni. Kwa hiyo alikwenda mwenyewe. Alijifanya mnunuzi wa mtamba. Aliuliza kwenye mashine ya kusaga unga, aliuliza kwenye josho, aliuliza watu waliokuwa wakichuma chai karibu na njia. Na kila mara kabla ya kuondoka alilegeza ile nati, ili nisijue ameenda umbali gani, na akirudi aliikaza na kupiga mstari mpya.

"Na ulipata nini?"

"Sikupata kitu."

"Mara ya kwanza hukupata kitu, ukarudi mara ya pili?"

"Mtu asiyesemwa vibaya hata na jirani mmoja?" alisema. "Wewe ungeamini?"

Hata mimi nisingeamini.

Mara ya nne, ile Ijumaa, alikuwa amesimama karibu na ua wao akiuliza mpita njia habari za ng'ombe. Mama wa kijana akatoka kwenye lango. Mwanamke mfupi, alisema baba, na jembe begani. Akamsalimia, akamwambia, "Mzee, umechoka kuuliza barabarani. Ingia uulize ndani." Akamkalisha, akampa ndizi na chai, akajibu kila swali, hata yale ambayo baba hakuwa na ujasiri wa kuyauliza. Alipokuwa akiondoka alimwambia asiwe na wasiwasi, mzazi ni mzazi, na katika nyumba yake hakuna mtu atakayemwaibisha mbele ya binti yake. Baba alirudi mbio, akiwa na aibu, akaanza kufunga nati, na hapo ndipo nilipotokea na vitabu vyangu. Hakumaliza kukaza. Hakupiga mstari wa nne.

Sasa hesabu ilijipanga yenyewe, na sikuipenda. Jumamosi mchumba wangu alipochukua pikapu, nati iliyoshikwa na uzi mmoja ilivumilia kilomita kumi na moja ikaachia. Alipofika kwao, mama yake alimweleza. Aliangalia chini ya dashibodi akaona waya, akaona chaki ile anayoiona kwenye bawaba zetu, akaelewa yote. Hakuikaza, kwa sababu angeikaza, baba angejua kwamba imeonekana. Na Jumapili nilipompigia simu, alikuwa na sentensi moja tu ya kujiokoa, nayo ilikuwa inamhusu baba yangu. Akasema amekisia. Akasema sawa.

Nilimkasirikia baba, na chini ya hasira hiyo kulikuwa na nyingine ambayo sikutaka kuiangalia.

"Nilimwambia asije," nilisema. "Nilimwambia watu wake wasije. Nilidhani ni yeye."

Baba alikuwa hajui. Wiki nzima alidhani kijana amenyamaza kwa sababu ya matusi ya yeye mzee kuzungukazunguka kwao. Aliinuka kwenye kreti.

"Funga hiyo nati," alisema.

Niliingiza waya, nikakaza kwa vidole mpaka ikakataa kwenda. Akafungua kifungo cha mfuko, akanipa chaki.

"Piga laini."

Nikapiga. Nikarudisha dashibodi na skrubu zake nne, nikashusha jeki, nikaondoa mawe. Yeye alikwenda kunawa uso. Alitoka amevaa koti lake la sherehe na viatu vya ngozi, akaomba ufunguo kwa kunyoosha mkono. Nilitaka kwenda naye. Akasema hapana, hili ni la mtu mzima aliyekosa, mtoto hamsindikizi.

Alirudi jua likiwa juu ya mikaratusi ya upande wa pili. Alizima gari, akashuka, na mlango wa dereva hakuufunga. Aliuacha wazi kabisa, akasimama kando, akaningoja nifike. Nilichungulia. Kilomita mia moja na kumi na mbili. Ndizo za Ndanai na kurudi, bila kupitia kwingine.

"Yuko pale anapiga mabati," alisema baba. "Amenisamehe kabla sijamaliza kuongea. Lakini amesema watu wake watakuja wakiitwa na yule aliyewakataza."

Jumapili sikwenda kanisani. Niliendesha mpaka Ndanai, na mshale ulipanda na kushuka njia nzima kama ulivyoumbwa, na kila ulipopanda niliona haya. Nilimkuta juu ya paa. Alinisikia, nina hakika alinisikia, lakini alimaliza misumari ya bati lile ndipo akashuka. Hakuwa na hasira. Ningeona afadhali awe nayo.

Nilimwomba msamaha. Nilimwambia yote, hata yule mke mwingine na watoto wenye masikio. Akacheka kidogo kwa habari ya masikio, kisha akaacha.

"Mzee wako hanijui," alisema. "Ni Mkipsigis, mimi ni Mkisii, ana haki aogope. Na bado alikuja mara nne kuuliza watu. Wewe unanijua. Na uliuliza mileji."

Nikaokota msumari ulioanguka miguuni pake.

"Watu wangu nitawaleta," alisema. "Lakini Mwalimu, hii kitu sitasahau haraka. Sitakudanganya."

Walikuja. Mama yake alipoingia kwenye uwanja wetu siku ya koito aliangaza macho huku na huku, akamuuliza baba mbele ya wazee wote kama ule mtamba alishapata. Baba alicheka mpaka akatoa kitambaa. Wawili hao leo ni marafiki, na baba kila akija kututembelea huanzia kwake, kwetu anafika ameshashiba.

Tunaishi Ndanai sasa, kwenye nyumba ile, na mimi nilipata uhamisho wa shule. Pikapu ni ileile. Waya haujaguswa, na laini yangu ya chaki bado imenyooka. Mume wangu ndiye anayeitumia zaidi, kwenda kazi za umeme huku na huku. Miezi ya kwanza, kila akirudi jioni alikuwa akitia kichwa mlangoni na kutaja kilomita kabla ya salamu. "Mwalimu, themanini na nne." Nami nilikuwa namrushia kitambaa cha vyombo, tunacheka. Sijui ni lini tuliacha kucheka. Yeye hakuacha kutaja.

Juzi alirudi, akavua viatu barazani, akaingia bila kusema kitu. Nilimmiminia chai. Nikasema moyoni, haya, imekwisha, na nilisikia nafuu kubwa. Nilikunywa yangu nusu kikombe. Kisha nikachukua chujio, nikasema naenda kumwaga makapi ya chai kwenye sukuma wiki, nikapita upande wa gari. Lilikuwa halijafungwa. Nilisoma namba, nikatoa zile za asubuhi kichwani, nikarudi ndani.

Alikuwa ameketi palepale, kikombe mkononi, macho mlangoni.

"Tisini na sita," alisema.

Zilikuwa tisini na sita.